Je, gari la umeme linamfaa anayependa usukani?

Linamfaa, ila si kila gari la umeme, na sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa hazikwambii lipi. Siku hizi hata gari la familia la umeme linaondoka kwa kasi ya kushangaza. Cha kuuliza ni gari litakuwaje baada ya dakika 10 za kukanyaga na kufunga breki mfululizo. Hapo mambo mawili ndiyo yanaamua: uzito na joto.

Raha yenyewe ipo kweli. Mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu gari likiwa limesimama, haingoji injini ipande wala turbo ijae. Ukiwa katikati ya kona ukaongeza mguu kidogo tu, magurudumu yanaitikia papo hapo, kwa kiasi kile kile ulichoomba. Gari lenye mota mbele na nyuma hugawa nguvu kati ya ekseli mbili kwa wepesi ambao propela na difu haziufikii. Betri nayo hulala chini ya sakafu, kwa hiyo bodi haiinami sana kwenye kona.

Lakini betri hiyo ni nzito. Hyundai Ioniq 5 N, iliyotoka mwaka 2023 kwa ajili ya madereva wa aina hii hasa, ina takriban kilo 2,200. Mazda MX-5 ya petroli ina kama 1,050. Kwa mwendo ule ule, breki za Hyundai zina nishati maradufu ya kumaliza, na tairi za mbele zinabeba mzigo huo huo kila unapokata kona. Ukiingia kwa kasi kupita kiasi, pua inakwenda nje na bega la tairi ndilo linaloliwa kwanza.

Hyundai walipunguza tatizo kwa kuzifanya mota zenyewe zivute gari nyuma, hadi 0.6 g, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, zikisaidiana na diski za mbele za milimita 400. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakwenda kwenye uwanja wa mbio na chaji ya asilimia 100. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudishwa na mota, hivyo kazi yote inaangukia pedi. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka, pedali inazama hadi chini. Fika na chaji ya asilimia 80 au 85, na badilisha mafuta hayo kabla.

Joto la umeme ni kali kuliko watu wanavyodhani. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto kwenye nyaya na betri linaongezeka mara 4. Joto likizidi kiwango, kompyuta inapunguza nguvu ili kulinda betri, mota na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie), na gari linalegea ghafla. Ioniq 5 N ina mpangilio wa kuipoza betri kabla ya mbio; lengo la Hyundai lilikuwa mizunguko 2 ya Nürburgring Nordschleife, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kila mmoja kilomita 20.8, bila kupoteza nguvu. Nissan Leaf ya vizazi viwili vya kwanza, ambayo huletwa Afrika Mashariki ikiwa imetumika Japani, betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Ni gari zuri la mjini. Kwa mbio, hapana.

Kisha piga hesabu ya chaji. Betri ya kilowati-saa 84, ukivuta wastani wa kilowati 150, inaisha kwa dakika 34 hivi. Chaja ya kilowati 350 huitoa asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Kwa chaja ya kilowati 11 betri tupu itachukua zaidi ya saa 7. Kabla ya kulipia kiingilio, uliza uwanja una chaja gani.

Kuhusu gia, Ioniq 5 N inaigiza mabadiliko ya gia: unavuta kishikio nyuma ya usukani, nguvu inakatika kidogo, spika zinatoa mlio. Inasaidia kupima mwendo wa kuingilia kona. Ila kama utamu wako uko kwenye klachi na kijiti cha gia, baki na petroli. Hakuna programu itakayokupa hicho.

Ukiwa unajaribu gari la kununua, tafuta barabara iliyo wazi na salama, betri ikiwa na asilimia 70 hivi. Kanyaga hadi mwisho kutoka kilomita 30 hadi 80 kwa saa, funga breki, rudia mara 6 mfululizo, huku mwenzako akitazama kipimo cha nguvu kwenye dashibodi. Nguvu ikipungua kabla ya mara ya sita, gari hilo halitahimili uwanja wa mbio. Halafu zikague diski, hasa kama gari limekaa pwani: mota zikifanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi hazigusi vya kutosha, na hewa ya chumvi inaweka kutu inayokula uso wa diski.