Je, wajua kwa nini kuna "Vitz" ya zaidi ya milioni mia?

Vitz kila mtu wa Arusha anaijua. Ni gari la mwalimu, la nesi, la kijana aliyepata kazi ya kwanza, na kati ya Kilombero na Njiro humalizi dakika mbili bila kupishana nayo. Mwaka 2020 Toyota iliachana na jina hilo hata huko Japani, gari likaitwa Yaris kama lilivyokuwa likiitwa Ulaya miaka yote. Mwaka huohuo likatoka toleo lake la mbio, GR Yaris: milango mitatu, injini ya lita 1.6 yenye pistoni tatu na tabo ya kuisukumia hewa, gia ya mkono, na magurudumu yote manne yanavuta.

Toleo la RZ lilianza kuuzwa Japani kwa yeni 3,960,000. Lilipofanyiwa maboresho mwaka 2024, RZ ikawa yeni 4,480,000. Uingereza mruko ulikuwa mkubwa zaidi: kutoka kama pauni 30,000 mwaka 2020 hadi pauni 44,250 miaka minne baadaye.

Sasa piga hesabu ya kulileta jipya mpaka Arusha. Tuchukulie dola moja ni yeni 150 na shilingi 2,500. Hata ukiondoa kodi ya mauzo ya Japani, ambayo hurejeshwa gari likiuzwa nje, bado ni kama shilingi milioni 68 kabla halijapanda meli. Likifika Dar es Salaam kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla ya vyote hivyo. Kwa jinsi vinavyopandiana, kila shilingi 100 inayoingia bandarini inatoka ikiwa 155, na hapo tozo ndogondogo na usajili havijaguswa. Umeshavuka milioni 100, na nauli ya meli hujalipa. Kwa hela hiyo mtu wa Moshi anapata Prado ya mtumba iliyonyooka, inayobeba familia nzima na kupanda Kibosho mwezi wa 12 bila kulalamika.

Kwa hiyo swali ni la haki kabisa: kigari kidogo hivi, bei hii inatoka wapi?

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1976 Volkswagen iliingiza sokoni Golf GTI, ikiwa imepanga kutengeneza magari 5,000 tu. Injini ya lita 1.6, nguvu ya farasi 110, uzito wa kilo 810 hivi, bei mark 13,850 za Ujerumani. Toleo hilo la kwanza liliishia kuuzwa zaidi ya magari 460,000. Ukizigeuza mark hizo kuwa euro unapata kama 7,080. Zidisha mara tatu kufidia kupanda kwa maisha, bado hufiki 22,000. GTI mpya ya leo Ujerumani inavuka euro 40,000.

Ile ya kwanza ilikuwa rahisi kwa sababu haikuwa gari jipya. Bodi, milango, vioo, dashibodi, vyote vilikuwa vimeshalipiwa na watu waliokuwa wakinunua Golf ya kawaida kwa mamia ya maelfu. GTI ilidaiwa tofauti tu: injini kali zaidi, springi ngumu, mstari mwekundu kuzunguka grili, viti vya kitambaa cha miraba, na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Wafaransa wakafuata na Peugeot 205 GTI mwaka 1984, na wengine wakaja nyuma yao. Kwa miaka karibu 40 utaratibu ulikuwa huohuo: gari la mama wa nyumbani ndilo lililolipia gari la kijana.

Utaratibu huo umevunjika kwa sababu gari la mama wa nyumbani lenyewe limeondoka. Ford ilitengeneza Fiesta ya mwisho Julai 2023, na Fiesta ST ikaondoka nayo. Focus ikafuata mwaka 2025. Renault ilikuwa imeshafunga Megane RS mwaka 2023. Viwanda vimeona kwamba mnunuzi yuleyule yuko tayari kulipa zaidi akiuziwa gari lililonyanyuka juu kidogo, lenye sura ya jeep, ingawa kwa chini ni kigari kilekile. Nani atatengeneza Fiesta yenye faida kiduchu? Na pasipo na Fiesta ya kawaida, hakuna bodi ya kuazima.

Halafu kuna moshi. Umoja wa Ulaya unaangalia wastani wa hewa ya kaboni wa magari yote ambayo kiwanda kimeuza, na tangu 2025 lengo la jumla ni karibu gramu 94 kwa kilomita. Kila gramu inayozidi hutozwa euro 95, kwa kila gari. GR Yaris hutoa gramu karibu 190. Kama kiwanda kingekuwa kinauza hilo tu, kwa hesabu hiyo rahisi faini ingezidi euro 8,000 kwa gari moja. Toyota inaponea kwenye mahaibridi yake mengi, ya petroli na umeme, yanayoshusha wastani. Hyundai iliondoa i20 N na i30 N katika soko la Ulaya mwaka 2024. Ufaransa nayo imekaza mno: kodi ya moshi kwa gari jipya ilifika kikomo cha euro 70,000 mwaka 2025. Nimesema kodi peke yake, si gari.

Ongeza sheria za usalama zilizoanza Ulaya Julai 2024, zinazotaka kila gari jipya liwe na breki za dharura za kujikamata zenyewe, kifaa cha kumwonya dereva anayesinzia na kinachosoma kikomo cha mwendo. Kamera na kompyuta hizo bei yake ni ileile ziwe kwenye gari la bei kubwa au kwenye kigari, kwa hiyo kigari ndicho kinachoumia.

GR Yaris ina sababu nyingine ya pekee. Toyota haikuweka tu injini kubwa ndani ya Yaris. Paa ni la nyuzi za kaboni, bodi ni tofauti na ya Yaris ya milango mitano, na sehemu ya nyuma ya chesi imechukuliwa kwenye familia ya magari makubwa zaidi. Kiwandani Motomachi hayapiti kwenye mkanda mmoja mrefu kama Toyota nyingine. Yanasogezwa kutoka kituo hadi kituo, na mafundi wanatumia mikono zaidi. Haya yote yalifanywa kwa ajili ya mbio za rali za dunia, ambako kanuni zilidai yatengenezwe magari 25,000. Kichekesho ni kwamba gari la mbio lililokusudiwa, la msimu wa 2021, halikushindana hata siku moja: korona ilikatisha mradi. Lililokuja kushinda Naivasha mwaka 2022, Toyota ilipochukua nafasi nne za kwanza Safari Rally, lilijengwa kwa kanuni mpya kabisa na linafanana na la barabarani kwa jina na sura tu. Waliovuka Namanga kwenda kulitazama likipasua vumbi la Naivasha walikuwa wanaangalia mashine nyingine.

Lakini sababu zote hizo zinaeleza gharama tu. Hazielezi kwa nini watu wanakubali kulipa, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Kasi yenyewe imeshuka bei, tena sana. Mwaka 2023 MG ilileta Uingereza MG4 XPower, kigari cha umeme chenye nguvu ya farasi 435. Kinatoka sifuri hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.8, na kiliuzwa pauni 36,495. Honda Civic Type R ya wakati huo ina nguvu ya farasi 329, inachukua sekunde 5.4, na bei yake ilianzia pauni 46,995. Yaani kilicho taratibu kinamzidi mwenzake kwa zaidi ya pauni 10,000, na wanunuzi wakapanga foleni. Type R ya mwaka 2001 nchini Uingereza ilikuwa pauni 15,995.

Anayelipa leo halipii mbio. Analipia gia ya kupachika mwenyewe, mlio, na kujua kwamba mambo hayo yanaisha. Golf GTI yenyewe iliacha gia ya mkono kwenye toleo la 2024. Kitu kinachoisha, thamani yake hukaa, ndiyo maana magari haya hayapotezi bei haraka kama mapya mengine, wakati ya umeme yameporomoka vibaya kwenye soko la mitumba la Uingereza. Mimi naona hata ukiyapata bure, mbio zake huna pa kuzipeleka hapa kwetu. Jaribu Tengeru hadi Usa River, tochi ya trafiki inakusubiri kwenye 50, na notifikesheni ni 30,000.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanaosikitikia bei hizi hawalioni. Bei ya Japani imepanda kwa yeni, lakini yeni yenyewe imeanguka. Mwaka 2020 dola moja ilikuwa kama yeni 107. Mwaka 2024 ilizunguka 150. Kwa hiyo RZ ya 2020 ilikuwa kama dola 37,000, na ile iliyopanda bei ya 2024 ni kama dola 30,000. Mjapani amepandishiwa, sisi tumeshushiwa. Shilingi nayo ilipoteza kidogo mbele ya dola miaka hiyo, lakini si kiasi cha kula tofauti yote. Ila usifurahi sana, maana hesabu hiyo kila mtu anaijua. Kwenye minada ya Japani Mtanzania anashindana na Mkenya, Mwingereza na Mwaustralia, wote wamebeba hela inayonunua yeni nyingi kuliko zamani.

Hapa kwetu lipo la aina hii ambalo wengi wanapishana nalo bila kulitambua. Corolla RunX, na pacha wake Allex, yalitengenezwa kati ya 2001 na 2006. Mengi yaliyoko mjini ni ya injini ya 1NZ, lita 1.5, magari ya kwenda kazini. Lakini ipo RunX Z, yenye injini ya 2ZZ ya lita 1.8 ambayo Toyota iliitengeneza pamoja na Yamaha: nguvu ya farasi 190 bila tabo. Chini ya mizunguko 6,000 ya injini kwa dakika inatembea kama Corolla yoyote. Ukiipeleka juu ya hapo vali zinaanza kufunguka zaidi, mlio unabadilika ghafla, na abiria aliyekuwa anachati anashika mkanda.

Madalali wanaijua thamani ya herufi hiyo, na herufi ya Z ni ya kununua dukani na kubandika. Usitazame mgongoni mwa gari. Fungua boneti utafute kibati cha chesi: ZZE123 ndiyo yenyewe, NZE121 ni ya lita 1.5 hata ikibandikwa Z tatu. Kumbuka pia mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, na Arusha tuko kama mita 1,400. Zile 190 za kwenye karatasi zinabaki kama 165 ukiwa Sakina. Ukiteremka Moshi zinarudi baadhi. Lenye tabo haliumii hivyo, kwa sababu hewa linajisukumia lenyewe.

RunX Z nyingine kutoka Japani ni ngumu kuja, na sababu si Japani. Gari la abiria lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30, ambazo nazo zinatozewa VAT. Ile shilingi 100 iliyokuwa inatoka 155 sasa inatoka karibu 200. Tena TRA haiangalii risiti yako ya mnadani. Ina mfumo wake wa thamani ya magari ya mtumba, na thamani hiyo hupungua kadiri gari linavyozeeka. Kwa hiyo zilizopo ndizo zilizopo, na ikitokea moja safi, gia ya mkono, haijachezewa waya, mwenye nayo hana haraka ya kuuza.

GR Yaris nayo itaingia kwenye hesabu hiyo. Za kwanza, za mwaka 2020, zinatimiza miaka minane mwaka 2028. Anayevizia ya mtumba akisubiri kidogo thamani ya TRA inamshukia. Akisubiri mno anadakwa na ile asilimia 15, kisha na 30. Mwaka wa kutazama ni ule wa kutengenezwa, si wa kuandikishwa Japani kwa mara ya kwanza, na mara nyingi miaka hiyo miwili hailingani. Kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji karatasi ya mnada na uthibitisho wa mwaka wa kutengenezwa kwa namba ya chesi, maana miezi miwili tu inaweza kukuhamisha kutoka kundi moja la ushuru kwenda jingine.