Je, wajua kwa nini kompyuta uliyoiunga mwenyewe inazungusha feni lakini kioo kinabaki cheusi?

Hii imewakuta watu wengi sana hapa Arusha na Moshi wanaojiungia kompyuta nyumbani. Unakusanya spea mdogo mdogo, keisi unaipata mjini kwa muuza kompyuta za mtumba, mazabodi (bodi kuu) na prosesa zinatoka Kariakoo zinapandishwa basi unaenda kuzipokea stendi, unakaa jioni nzima unafunga, unabonyeza switchi, feni zote zinazunguka, taa za rangi zinawaka, ila kioo cheusi tii. Na karibu kila mtu anasema neno lilelile, "umeme unaingia, feni zinazunguka, kwaiyo bodi nzima, pawa saplai nzima, kibovu kitakuwa GPU." Anahangaika anaazima GPU nyingine, yaani kadi ya picha, anaifunga, cheusi vilevile.

Ukweli ni kwamba feni kuzunguka haithibitishi karibu chochote, na ukishaelewa kwa nini, matatizo mengi ya kompyuta mpya utayamaliza mwenyewe na bisibisi yako moja bila kununua kitu.

Angalia kinachotokea ukibonyeza ile switchi. Pawa saplai ikiwa imechomekwa ukutani na imewashwa kwa nyuma, muda wote inapeleka volti 5 kidogo kwenye bodi hata kompyuta ikiwa imezimwa, ndo maana bodi nyingine zina kitaa kinawaka na wewe hujagusa kitu. Switchi ya keisi haipitishi umeme wa kuendesha mashine, inaishtua tu bodi, bodi inaunganisha waya mmoja na ethi (kwenye pawa saplai zenye waya za rangi ni ule wa kijani), pawa saplai ikiona hivyo inajua imeitwa, inaanza kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Feni zinakula volti 12. Kwaiyo zinazunguka hapohapo, prosesa ikiwa haijafanya kazi yoyote. Ni kama taa ya kibarazani, ikiwaka unajua luku ina yuniti, hujui kama wenye nyumba wameamka.

Baada ya hapo pawa saplai inasubiri volti zitulie, kati ya milisekunde 100 na 500, ndo inaijulisha bodi kwamba umeme uko sawa. Hapo prosesa inaachiwa, bayosi, ile programu ya kwanza ya kuiamsha kompyuta, inasomwa kutoka kwenye chipu ndogo iliyoko kwenye bodi, RAM (kumbukumbu ya kazi) inatafutwa na kupimwa, GPU inatafutwa, na mwisho kabisa ndo picha ya kwanza inatokea. Yaani kioo cheusi maana yake safari imekwama sehemu kabla ya picha, na kazi yako ni kujua imekwama wapi, siyo kubahatisha spea.

Bodi nyingi za siku hizi zinakuambia zenyewe. Tafuta vitaa vinne vidogo, mara nyingi viko pembeni karibu na plagi kubwa ya pini 24, vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (GPU) na BOOT (diski ya kuwashia), ukiwasha vinawaka kwa zamu na kile kinachogoma kuzima ndo hatua iliyokwama. Bodi za bei ya chini nyingi hazina hivyo vitaa, hapo tafuta kispika kidogo cha kuchomeka kwenye pini za bodi, kinapiga milio ya kuhesabu na maana yake iko kwenye kitabu cha bodi kwa sababu kila mtengenezaji ana hesabu zake. Kuna ujanja mmoja naupenda sana na kispika hicho: toa RAM zote, washa. Ikilia kulalamika kwamba haioni RAM, basi shukuru, maana prosesa iko hai, bayosi inasomeka, na umeondoa vitu viwili vya bei mbaya kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kitaa cha CPU kikibaki kimewaka, usikimbilie kusema prosesa imekufa, ni nadra sana prosesa mpya kuwa mbovu. Angalia kwanza kona ya juu ya bodi upande wa kushoto, kuna plagi ya pili ya umeme, ya pini 8, hiyo ndo inalisha prosesa peke yake. Ile kubwa ya pini 24 hailishi prosesa, kwaiyo ukisahau hii ndogo kila kitu kitawaka isipokuwa prosesa yenyewe. Kuna kijana wa Majengo pale Moshi alinitumia video ya mashine yake, feni sita zinazunguka kwa madaha, na ukisimamisha video unaona kabisa juu ya kipoozeo matundu manane meusi yako wazi, waya wake umefungwa na zipu taiti nyuma ya keisi pamoja na waya zingine zisizo na kazi. Alikuwa ameshamwambia muuzaji prosesa ni mbovu. Na hapo angalizo, waya wa GPU nao una pini 8 na unafanana na huu lakini volti 12 na ethi zimekaa kinyume, wa prosesa unagawanyika 4 na 4, wa GPU 6 na 2, ukiona plagi inagoma kuingia usiilazimishe, inakusaidia.

Lingine la kitaa hichohicho ni bayosi ya zamani. Bodi inaweza kukubali prosesa kwa soketi ila haiijui kwa sababu ilitoka kiwandani kabla prosesa haijazaliwa. Mfano mzuri ni bodi za B450, zilikuwepo kabla prosesa za Ryzen 5000 za AMD hazijatoka Novemba 2020, ukikuta bodi kama hiyo ya mtumba haijawahi kupandishwa bayosi, ukiweka Ryzen 5 5600 utapata feni na giza. Bodi nyingine zina kibonyezo nyuma cha kuweka bayosi mpya kwa flashi tu bila prosesa, zingine itabidi uazime prosesa ya zamani kwa fundi.

Sasa RAM, na hapa nitakaa kidogo maana ndo inayosumbua kuliko zote. Kwanza uvumilivu. RAM ya DDR5, kizazi kipya kuliko DDR4, ikiwashwa mara ya kwanza bodi inaipima na kujipanga nayo, na kwenye bodi za AM5 (soketi ya prosesa za AMD) hasa ukiwa na RAM kubwa hiyo kazi inaweza kula dakika kadhaa, kioo cheusi muda wote huo, mtu anaona imegoma anazima, anawasha, anazima, na kila akizima inaanza upya. Iache. Nenda kaweke chai, ukirudi bado ndo uanze kuhangaika.

Pili, kukaa vizuri. RAM inahitaji kusukumwa kwa nguvu ambayo mtu mgeni anaiogopa, unabonyeza upande mmoja mpaka usikie tak, halafu wa pili tak, na bodi nyingi zina kishikio upande mmoja tu kwaiyo ule usio na kishikio unaweza ukabaki umeinuka milimita moja na ukiangalia kwa juu huoni. Inamisha kichwa uangalie kwa pembeni, mstari wa dhahabu uwe umezama sawasawa pande zote mbili. Tatu, nafasi. Ukiwa na RAM mbili kwenye bodi ya nafasi nne, bodi nyingi zinataka nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Nne, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 ila kile kikato cha katikati hakiko sehemu moja, haziingiliani, ukiona haikai soma stika.

Na kwa RAM za mtumba, vumbi. Kiangazi cha huku tunakijua, vumbi linaingia mpaka kwenye kabati. Mafundi wetu wanasugua ile dhahabu taratibu na raba nyeupe ya kufutia penseli halafu wanapuliza mabaki, na inafanya kazi, ila pombe ya isopropili kwenye kitambaa kisafi ni bora zaidi kama unaipata. Usiguse dhahabu na vidole baada ya hapo, na kabla ya kushika chochote gusa chuma cha keisi kisichopakwa rangi, hewa ikiwa kavu mwili unajaa umeme tuli, unaweza kuua chipu na usihisi chochote.

Kama RAM ni nzima ila bodi inaiona kwenye nafasi fulani tu, angalia soketi ya prosesa. Prosesa zenye pini kwenye soketi, kama Intel za karibuni na AM5, pini moja ikipinda inaweza kuua upande mzima wa RAM. Kipoozeo kilichokazwa kuzidi upande mmoja nacho kinaleta balaa hilohilo.

Kitaa cha VGA maelezo yake ni mafupi. Waya wa kioo uchomekwe kwenye GPU, chini, siyo kwenye tundu la bodi lililo juu. Prosesa za Intel ambazo jina linaishia na F haziwezi kutoa picha zenyewe bila GPU, Ryzen 5 5600 vilevile, kwaiyo tundu la HDMI la bodi hapo ni pambo. GPU yenye plagi yake ya umeme lazima uichomeke, maana nafasi ya bodi inatoa wati 75 tu.

Vitaa havieleweki? Toa kila kitu nje ya keisi. Weka bodi juu ya boksi lake la karatasi, siyo juu ya ule mfuko wa kung'aa bodi iliokuja nao kwa sababu nje yake unaweza kupitisha umeme, bakiza prosesa na kipoozeo, RAM moja, pawa saplai, na GPU kama prosesa haina picha. Switchi huna, kwaiyo gusisha zile pini mbili za switchi kwa ncha ya bisibisi sekunde moja. Ikiwaka na picha ikaja, kosa liko kwenye keisi, na mara nyingi ni kile kinati cha shaba cha kubebea bodi, kimoja kimebaki kilipokuwa cha bodi ya zamani, kinagusa mgongo wa bodi pasipo na tundu na kupiga shoti. Ukimaliza rudisha kitu kimojakimoja, unawasha kila hatua.

Pawa saplai ndo nakuomba uwe makini nayo kwa dhati. Zile za mtumba za zamani zina kiswitchi chekundu nyuma cha 115 na 230, umeme wetu ni 230, ikiwa imebaki kwenye 115 ukaichomeka inalipuka siku hiyohiyo. Na zile zenye waya za kuchomoa, usichanganye waya za pawa saplai moja na nyingine hata kama plagi zinaingia, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, watu wameunguza SSD na bodi kwa waya wa kuazima. Ukiwa na multimita pima, volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Feni ya pawa saplai yenyewe isipozunguka usiogope, nyingine zinasubiri joto. Ila usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake zinabaki na umeme wa kuumiza mtu.

Ukishafanya haya yote bado giza, kabla hujapandisha spea kwenye basi kurudi Dar, piga picha soketi na pini za prosesa kwa karibu kwenye mwanga wa jua, na rekodi video ya bodi ikiwa juu ya boksi na kitaa kilichogoma kinaonekana. Muuzaji anayeletewa maneno "haiwaki" atakuambia umeiharibu mwenyewe, anayeona kitaa cha DRAM kimeganda na RAM mbili tofauti zimejaribiwa nafasi zote nne hana mahali pa kuanzia ubishi.