Utumwa Marekani: Katiba iliufuta, ikaacha mwanya

Wengi tumefundishwa kwamba Abraham Lincoln alifuta utumwa Marekani kwa tangazo lake la Januari 1, 1863. Si hivyo hasa. Tangazo lile, lililotolewa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, liliwahusu watumwa wa maeneo ya Kusini yaliyoasi tu. Kentucky na Delaware, zilizobaki upande wa serikali huku watu wake wakimiliki watumwa, halikuzigusa. Tena lilikuwa amri ya vita, na vita vikiisha lingeweza kupingwa mahakamani. Ilibidi Katiba yenyewe irekebishwe.

Bunge la Wawakilishi lilipitisha marekebisho hayo Januari 31, 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56. Kati ya majimbo 36 ya wakati huo, 27 yalitakiwa kuridhia. Georgia ilitimiza idadi hiyo Desemba 6.

Sasa yasome Marekebisho ya 13 taratibu. Yanapiga marufuku utumwa na kazi ya kulazimishwa, isipokuwa ikiwa ni adhabu kwa aliyetiwa hatiani kisheria. Wenye mashamba wa Kusini hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mississippi ilikwishatunga sheria ya uzururaji Novemba 1865: Mweusi aliyekutwa hana kazi ifikapo Januari aliweza kutozwa faini ya hadi dola 50, na asipolipa ndani ya siku tano, mkuu wa polisi wa wilaya alimkodisha kwa yeyote atakayemlipia. Mara nyingi huyo alikuwa nani, msomaji anaweza kukisia.

Marekebisho ya 14, mwaka 1868, yalimpa uraia kila aliyezaliwa nchini, yakafuta hukumu ya 1857 katika kesi ya Dred Scott iliyosema Mweusi hawezi kuwa raia. Ya 15, mwaka 1870, yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Mwaka huohuo Hiram Revels, Mweusi, aliapishwa kuwa seneta wa Mississippi ileile. Lakini kukataza ubaguzi wa rangi si sawa na kumhakikishia kila raia kura. Baadaye majimbo ya Kusini yaliweka kodi ya kupiga kura na mitihani ya kusoma, bila kutaja rangi popote, na hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 Weusi wengi huko hawakuwamo daftarini.

Ule mwanya wa adhabu bado umo kwenye Katiba. Colorado iliuondoa kwenye katiba ya jimbo mwaka 2018. Mwaka 2024 wapiga kura wa California waliulizwa kama wafungwa wasilazimishwe tena kufanya kazi, wengi wakakataa.