Madini, mwamba na jiwe linalong'aa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Madini na mwamba ni kitu kimoja.

Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko, maana mtaani "madini" ni chochote cha thamani kinachochimbwa, hata makaa ya mawe. Mjiolojia ana masharti makali zaidi: kiwe kitu yabisi kilichojitengeneza chenyewe ardhini, chenye kemikali maalumu, na atomi zake zijipange kwa mpangilio unaojirudia. Mwamba ni mkusanyiko tu. Vunja granaiti, ile iliyojaa Mwanza, uitazame kwa lenzi: punje za kijivu kama kioo ni kwatzi, nyeupe au za waridi ni feldispa, vibamba vinavyometameta ni ulanga. Obsidiani ya Naivasha nayo ni mwamba, lakini si madini, kwa sababu ni kioo cha volkano na atomi zake zimekaa shaghalabaghala.

Dhana: Rangi inatosha kulitambua jiwe.

Rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Rubi na yakuti samawi ni madini yaleyale, korandamu. Chembe za kromi huleta wekundu, chuma na titani huleta buluu.

Hasara kubwa iko kwenye dhahabu. Pairaiti, madini yanayofanana na dhahabu, ina manjano ya kuvutia, na ulanga uliochakaa hung'aa juani kwenye karai la kuoshea dhahabu. Chukua kigae cheupe cha kauri, geuza upande wa nyuma usio na mng'ao, usugue punje yako hapo. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Pairaiti huacha mweusi wenye ukijani. Kisha igonge kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, pairaiti husagika na huweza kutoa harufu ya kiberiti. Uzito nao husema kweli: dhahabu safi ni mara 19.3 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, pairaiti ni mara 5 tu.

Kosa la kawaida ni kusugua kwatzi, ukaona unga mweupe, ukadhani ni wa jiwe. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, hivyo kinachokwanguka ni kigae. Kosa jingine ni kupima ganda la nje lililooza kwa mvua. Vunja kwanza, upime sehemu mpya.

Dhana: Jiwe gumu halivunjiki.

Kipimo cha Mohs huonyesha nani humkwaruza nani, basi. Almasi ina 10, lakini nyundo huipasua. Tanzanaiti ya Mirerani ina takriban 6.5 na hupasuka kirahisi kufuata upande mmoja. Tena vumbi la nyumbani huwa na punje za kwatzi, kwa hiyo kuifuta pete yenye jiwe hilo ikiwa kavu ni kuikwaruza. Ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ndipo uipitishie kitambaa laini.