Mtazamo wa kamera: kwa nini shangwe ya runingani si ile ya barabarani

Mwanasiasa kahutubia. Aliyekuwa uwanjani anarudi akisema umati ulipoa. Jirani yake aliyetazama runinga anaapa kwamba vifijo havikukatika. Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja alikuwa na tukio lake, na la pili lilitengenezwa na kamera.

Dhana hii ilipata mfano wake maarufu Chicago, tarehe 26 Aprili 1951. Jenerali Douglas MacArthur, ambaye Rais Truman wa Marekani alikuwa amemfuta kazi wiki mbili kabla, alipokewa kwa gwaride la kishujaa. Watafiti Kurt Lang na Gladys Engel Lang waliwatawanya waangalizi 31 ndani ya umati, kisha wakalinganisha walichokiona na kilichorushwa runingani. Barabarani watu walisubiri hadi wakachoka, msafara ukapita mara moja, basi. Wapo walionung'unika kwamba afadhali wangebaki nyumbani wakatazama runinga. Huko nyumbani kweli kulikuwa na tamasha: kamera ililifuata gari la jenerali, hivyo kila kundi lililoshangilia kwa nukta chache liliunganika na kundi lililofuata, ikaonekana shangwe moja ndefu. Tena watu wakiona kamera inawaelekea hupunga mikono. (Nani asiyefanya hivyo?)

Maikrofoni nayo ina mambo yake. Januari 19, 2004, Howard Dean, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic nchini Marekani, alishika nafasi ya tatu katika kura ya mchujo ya jimbo la Iowa, akapanda jukwaani kuwatia moyo wafuasi. Ukumbi ulirindima kiasi kwamba sauti yake ilikaribia kumezwa. Ila maikrofoni aliyoishika ilinasa kinywa chake na kuziacha nje kelele za watu. Nyumbani ikasikika sauti ya mtu mzima anayepiga ukelele peke yake, kama kachanganyikiwa, na vituo vikairudia mamia ya mara katika siku chache.

Mtazamaji naye huja na upande wake. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watu taarifa zilezile za habari kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina yaliyofanywa Beirut, Lebanon, mwaka 1982 na wanamgambo washirika wa Israeli. Waliounga mkono Israeli waliona zimewaonea; waliounga mkono Waarabu nao wakaona wao ndio walioonewa. Kila upande uliamini kwamba asiye na upande, akizitazama, angeishia kuuchukia.