Ile "Sala ya Mtakatifu Fransisko" si ya Fransisko

Tarehe 4 Oktoba, sikukuu yake, ikikaribia, simu yangu hujaa picha ileile: Fransisko wa Assisi, njiwa begani, mbwa mwitu miguuni, na chini yake "Ee Bwana, unifanye chombo cha amani yako". Safari hii kuna aliyeongeza na mwaka: eti aliitunga 1225. Nafundisha historia ya Kanisa, na maandishi ya Fransisko ndiyo mkate wangu, kwa hiyo mnisamehe ukali. Hakuitunga 1225. Hakuitunga kabisa.

Sala hiyo ilichapishwa mara ya kwanza Paris, Desemba 1912, kwa Kifaransa, katika kijarida cha Kikatoliki kilichoitwa La Clochette. Haikuwa na jina la mtunzi, na Fransisko hakutajwa popote. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, likaitoa kwa Kiitalia, na hapo ikaanza kutembea. Baadaye padre mmoja Mfransisko wa Ufaransa akaichapa nyuma ya kadi yenye picha ya Fransisko. Mbele mtakatifu, nyuma sala. Waumini wakajumlisha wenyewe. Walioiandika kwa jina lake waziwazi, mwaka 1927, walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa wa chama kimoja cha kutetea amani. Mwanahistoria Christian Renoux aliifuata njia hiyo yote na kuiandikia kitabu kilichotoka 2001. Si siri, basi.

Hapo ndipo nakatizwa: "Lakini mwalimu, si maandishi ya zamani yalichomwa?" Swali zuri, jibu fupi. Mkutano mkuu wa Wafransisko, shirika aliloliasisi Fransisko, uliofanyika Paris mwaka 1266 uliamuru masimulizi ya zamani ya maisha yake yaharibiwe, libaki lile la Bonaventura, mkuu wa shirika wakati huo. Yaliyoponea ni ya Tomaso wa Celano, mwandishi wa kwanza wa maisha yake, na ya wengine, hasa kwa sababu nakala zao nyingine zilikuwa kwa wamonaki wa mashirika mengine, ambao agizo hilo halikuwahusu. Ila lililopigwa marufuku ni masimulizi juu yake, si maneno yake mwenyewe. Maneno yake yalinakiliwa kwa bidii. Assisi wanayo kodeksi 338, kitabu cha mkono cha karne ya 13 chenye maandishi yake. Luke Wadding, Mfransisko wa Ireland, alipokusanya maandishi ya Fransisko na kuyachapa mwaka 1623, sala hii haimo. Karibu miaka 700 tangu afariki, hakuna ndugu hata mmoja wa shirika lake aliyeijua?

Sasa niwageukie wenzangu wasomi, maana nao wananichosha. Hoja wanayoipenda ni ya mtindo: sala hii imejaa "mimi", nilete hiki, nilete kile, ilhali Fransisko akisali husema "Wewe". Wanatoa mfano wa ngozi aliyomwandikia ndugu Leo kwa mkono wake juu ya mlima La Verna mwaka 1224, baada ya kupokea madonda matakatifu, yaani alama za majeraha ya Kristo mwilini. Ngozi hiyo ipo Assisi hadi leo, ina mikunjo kwa sababu Leo aliibeba imekunjwa. Kweli, pale ni "Wewe" tupu: Wewe u upendo, Wewe u hekima, Wewe u unyenyekevu, Wewe u saburi, Wewe u uzuri. Mtu anamtaja Mungu hadi anajisahau.

Hoja tamu, lakini haitoshi. Sala aliyoisali ujanani mbele ya msalaba wa San Damiano, kikanisa cha Assisi, inaomba mwanga kwa giza la moyo wangu, nipewe imani iliyo sawa na tumaini la hakika. "Mimi" yumo. Halafu soma Mawaidha yake, la 27: palipo na upendo na hekima, hapana hofu wala ujinga, palipo na saburi na unyenyekevu, hapana hasira wala fadhaa. Mpangilio wenyewe unafanana mno na "penye chuki nilete upendo". Na ndugu Egidio, mmoja wa wenzake wa mwanzo, ana usemi kwamba heri apendaye bila kutaka kupendwa, atumikiaye bila kutaka kutumikiwa, na sala yetu nayo inaomba kupenda kuliko kupendwa. Hapo nakiri nayumba. Kwamba Fransisko hakuiandika, sina shaka. Kwamba yule Mfaransa wa 1912 hakuwahi kuonja chochote cha Kifransisko, hilo siwezi kuliapia, na anayeliapia kwa hoja ya mtindo peke yake anajidanganya.

Je, tuache kuisali? Nani kasema? Sala ngapi nzuri hazina mtunzi anayejulikana. Isalini, iimbeni, ila lifuteni jina.

Kinachoniudhi hasa si tarehe. Ni kwamba kadi ile inatupatia Fransisko mpole wa kupambia ukuta, na yule wa kweli anapotea. Maisha yake mnayajua: alizaliwa 1181 au 1182, mwana wa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa, akapigana na mji jirani wa Perugia, akafungwa, akamrudishia baba yake hadi nguo za mwilini mbele ya askofu, akafa jioni ya 3 Oktoba 1226, na kabla miaka miwili haijatimia Gregori wa 9 akamtangaza mtakatifu. Mwaka 1939 akawa msimamizi wa Italia pamoja na Katarina wa Siena, na 1979 Yohane Paulo wa 2 akamfanya msimamizi wa wanaoshughulikia mazingira. Sawa. Lakini mwulize yeye mwenyewe toba yake ilianzia wapi. Wasia wake, alioutamka akikaribia kufa, hauanzi na ndege wala na ule msalaba wa San Damiano unaosimuliwa kwamba ulisema naye. Unaanza na wakoma. Anasema kuwaona kulimchukiza mno, Bwana akampeleka kati yao, akawahurumia, na kile kilichokuwa kichungu kikageuka utamu. Huyo haingii kwenye kadi.

Na kama ni amani mnayoitafuta, anayo ya kwake. Mwaka 1219, wapiganaji wa msalaba wakiwa wameuzingira mji wa Damietta kule Misri, alivuka upande wa pili akaonana na Sultani al-Kamil. Wala msinigeuzie safari hiyo kuwa kongamano la dini mbalimbali. Alikwenda kuhubiri, na alikuwa tayari kufa. Lakini Kanuni ya 1221, sheria ya maisha aliyowaandikia ndugu zake wa shirika, inawaagiza ndugu waendao kati ya Waislamu wasibishane wala kugombana, wawe chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na wakiri kwamba ni Wakristo. Kuhubiri kunafuata pale Mungu atakapopenda. Aliwaandikia pia watawala wa miji kwamba kila jioni mpiga mbiu au ishara nyingine iwaite watu wote wamsifu Mungu. Wataalamu wengi wanaona humo mwangwi wa adhana aliyoisikia Misri. Mimi naelekea kukubali, ingawa barua haisemi.

Miaka yake ya mwisho ndiyo yenye tukio ninalolipenda kuliko yote. Askofu wa Assisi alimtenga meya wa mji na Kanisa. Meya naye akapiga marufuku mtu yeyote kumwuzia askofu kitu au kununua kwake. Fransisko, mgonjwa, macho yameharibika, akaongeza ubeti kwenye Wimbo wa Viumbe, utenzi wake wa kumsifu Mungu kwa jua, mwezi na viumbe vingine: usifiwe, Bwana wangu, kwa ajili ya wale wanaosamehe kwa upendo wako. Akawaita wote wawili uani kwa askofu, akawatuma ndugu wawili waimbe. Masimulizi ya wenzake yanasema meya alilia, akasema angesamehe hata aliyemuulia ndugu au mwana. Askofu akamwinua, akajibu kwamba cheo chake kinamdai unyenyekevu, lakini kwa tabia yeye ni mwepesi wa hasira, kwa hiyo naye asamehewe. Wasomeeni hiyo wanajumuiya wenu wanaogombania mpaka wa shamba.