Nyundo ya dola 435 na dhana nyingine kuhusu ufisadi wa mikataba ya kijeshi

"Nyundo ya dola 435 ni wizi wa wazi."

Tangu miaka ya 1980 nyundo hii ya Jeshi la Wanamaji la Marekani hutajwa karibu kila bajeti ya ulinzi inapojadiliwa. Bei hiyo ilikuwepo kweli, ila nyundo yenyewe iligharimu kama dola 15. Zilizobaki zilikuwa fungu la gharama za jumla za mkataba, ambazo mhasibu alizigawa sawasawa kwa kila kifaa kwenye orodha, kiwe nyundo au mtambo mzima. Ukigawa hivyo, nyundo inaonekana ghali kupindukia na mtambo unaonekana rahisi kuliko ulivyo, huku jumla ikibaki ileile. Mchunguzi anayeishia kwenye nyundo amefukuza kivuli.

"Kama sheria haikuvunjwa, hakuna hasara."

Hapa ndipo pesa huvuja kimya kimya, bila mtu wa kutiwa pingu. Februari 2019 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alitoa ripoti kuhusu vipuri 47 vilivyonunuliwa kutoka kampuni ya TransDigm. Alichukua asilimia 15 kuwa ukomo wa faida ya haki. Vipuri 46 viliuvuka, faida ikianzia asilimia 17 na kufika 4,451. Maofisa wa ununuzi walikuwa wamefuata kanuni. Kampuni ilirudisha dola milioni 16.1 kwa hiari yake.

Mbinu yenyewe haina siri. Kampuni moja tu ndiyo yenye michoro ya kipuri. Oda zinakuja ndogo ndogo, kila moja chini ya kiwango ambacho sheria humlazimisha muuzaji kuonyesha hesabu za gharama zake. Ofisa akitaka kujua kama bei ni ya haki, anailinganisha na bei ya mwaka uliopita, ambayo nayo ilikuwa imepandishwa. Ndege ipo chini inasubiri kipuri, kamanda anapiga simu, ofisa anasaini.

Dawa iko mwanzoni. Haki ya kutumia michoro inunuliwe siku ndege inaponunuliwa, wakati muuzaji bado ana washindani na anataka sana kushinda zabuni. Miaka ishirini baadaye atakutajia bei anayoitaka. Kuunganisha oda za miaka kadhaa ziwe mkataba mmoja nako husaidia, kwa sababu huvuka kile kiwango na hesabu zikalazimika kufunguliwa.

"Rushwa hupita kwenye bahasha."

Katika mikataba mikubwa hupita kwenye mkataba, tena ikiwa na namba ya ankara. Tanzania ilinunua rada kutoka BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa takriban pauni milioni 28. Kiasi cha dola milioni 12 hivi, karibu theluthi moja ya bei, kililipwa kwa kampuni za wakala. Vitabu vya BAE viliandika malipo hayo kuwa ya huduma za kiufundi. Desemba 2010, mahakamani London, BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Faini ilikuwa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaenda Tanzania kwa ajili ya elimu.

Wengi husoma hukumu ya aina hii na kusema rushwa haikuthibitishwa, basi haikuwepo. Waendesha mashtaka huchagua kosa wanaloweza kulithibitisha. Kuonyesha pesa ilivyotoka kwa wakala ikaingia mfukoni mwa ofisa fulani huhitaji kumbukumbu za benki za nchi kadhaa. Kuonyesha kwamba "huduma za kiufundi" hazina ripoti, hazina saa za kazi wala fundi, kunahitaji kabati moja la mafaili.

"Macho yawe kwenye ndege na vifaru."

Silaha kubwa zina wakaguzi wengi. Mafuta, chakula, boti za kukokota meli na uondoaji wa majitaka hutazamwa na watu wachache. Leonard Glenn Francis, mkandarasi aliyekuwa na makao Singapore, alikiri mwaka 2015 kuitoza Navy, yaani Jeshi la Wanamaji la Marekani, zaidi ya dola milioni 35 isivyostahili kwa huduma za bandarini, huku akiwahonga maofisa. Alijua hatua za wachunguzi kwa sababu mpelelezi mmoja wa Navy alikuwa akimpa mafaili. Ilibidi wapelelezi wengine waingize kwenye mfumo taarifa za uongo kwamba uchunguzi umefungwa, ndipo akasafiri hadi San Diego mwaka 2013 na kukamatwa. Miaka kumi baadaye, hukumu za makosa makubwa dhidi ya maofisa wanne zilifutwa kutokana na mwenendo mbaya wa waendesha mashtaka.

Ankara za huduma hupimwa kwa hesabu ya kawaida. Tuseme meli ina watu 300 na kila mmoja anatoa lita 150 za majitaka kwa siku: hiyo ni lita 45,000. Ankara ya lita 200,000 kwa siku moja inadai maelezo. Kadhalika mafuta: ujazo wa lori mara idadi ya safari kwenye daftari la getini.

"Wazabuni watatu ni ushindani."

Si lazima. Nukuu tatu za bei zenye kosa lilelile la tahajia zimeandikwa na mkono mmoja. Dhamana za benki zenye namba zinazofuatana zilichukuliwa dirisha moja, siku moja. Aliyeshindwa akiibuka kuwa mkandarasi mdogo wa mshindi, tazama tena bei yake.

"Pentagon hufeli ukaguzi, kwa hiyo matrilioni yameibwa."

Tangu ukaguzi wa kwanza wa Wizara nzima ya Ulinzi ya Marekani mwaka 2018, wakaguzi wameshindwa kutoa maoni kila mwaka. Maana yake kumbukumbu hazitoshi kusema hesabu ni sahihi au si sahihi. Wizi unaweza kujificha humo, lakini ripoti haijasema umeonekana.

"Mtoa taarifa aanzie kwa waandishi wa habari."

Huko Marekani atajiharibia. Sheria ya Madai ya Uongo ya mwaka 1863, iliyotungwa wakandarasi walipokuwa wakiliibia jeshi la Rais Lincoln, humruhusu raia kufungua kesi kwa niaba ya serikali na kupata asilimia 15 hadi 30 ya kinachorudishwa. Kesi hufunguliwa kwa siri, angalau siku 60, ili serikali ichunguze kabla mshtakiwa hajajua. Anayetangaza mapema huvunja siri hiyo, na mkandarasi hupata muda wa kusafisha mafaili.